Ngonjera Isiyomwonea Mpinzani

Mfungo Sita haupiti katika madrasa zetu za Dodoma bila ngonjera. Watoto wawili husimama mbele ya hadhara, kanzu zimepigwa pasi, mmoja mjinga na mwingine mjuzi. Mjinga hudai kuwa elimu ya dini ni kupoteza wakati, mjuzi humjibu, ikifika ubeti wa sita mjinga huomba radhi, na wote wawili hutuaga kwa salamu. Wazazi hufurahi na takbira hupigwa. Sisi wa kamati hufurahi pia, lakini hujiuliza ni nani katika hadhara ile aliyebadilika kwa kumwona yule mjinga akishindwa. Mzazi anayemwondoa mwanawe madrasa hasemi maneno ya mjinga wa ngonjera. Ana maneno yake mwenyewe, na mara nyingi yana uzito: masomo ya ziada, umbali, kiboko cha mwalimu. Hayo hayakutungiwa ubeti hata mmoja.

Ngonjera ni mali ya mkoa huu. Aliyeipa umbo tunalolijua ni Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa Ihumwa mwaka 1917, ambaye pia aliandika historia, mila na desturi za Wagogo. Hakuwa Muislamu, alikuwa Mkatoliki aliyetunga hata utenzi wa Injili. Vijana wetu wanaoghani katika Maulidi wengi hawalijui hilo, wala kulijua hakuwadhuru. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 washairi walitakiwa waeneze siasa mpya kwa wananchi, naye akaitumia ngonjera kwa kazi hiyo. Alifariki mwaka 1969, na kitabu cha kwanza cha Ngonjera za UKUTA kikatoka mwaka uliofuata. Katika utungo wa namna hiyo mmoja hajui, mwingine anajua, na mwisho huafikiana. Kwa kufundisha, umbo hilo lilifaa. Linalotushangaza ni kwamba Mnyampala katika maisha yake alikuwa pia hakimu, na hakimu hawezi kuingia mahakamani hali amekwisha kumchagua mshindi.

Jambo hili la kusikiliza pande mbili limo katika Kitabu chetu. Katika Surat Swaad tunasimuliwa habari za wagomvi wawili waliomwingilia Nabii Daud (A.S.) katika mihrabu. Mmoja alishtaki kwamba ndugu yake ana kondoo majike 99, naye ana mmoja tu, na bado ndugu huyo anamtaka huyo mmoja. Daud akatamka kuwa mshtaki amedhulumiwa. Kisha akatambua kuwa ametahiniwa, akaanguka kusujudu na kuomba maghufira. Wafasiri wametofautiana kuhusu mtihani huo, na miongoni mwa maelezo yao ni kwamba alitamka kabla ya kumsikia wa pili. Mtume (S.A.W.) alipomtuma Sayyidna Ali Yemen kuwa kadhi, kama alivyopokea Abu Daud, alimwelekeza asihukumu mpaka amsikie wa pili kama alivyomsikia wa kwanza. Mwenye kondoo 99 angesema nini? Kazi ya mtunzi wa ngonjera ni kwenda kumuuliza.

Tutoe mfano wa karibu. Tangu Serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia Dodoma kwa dhati, hakuna jambo linaloleta ndugu wenye hasira katika ofisi ya msikiti kama ardhi ya mirathi. Lililokuwa shamba la uwele au la zabibu sasa linaitwa viwanja. Vijana wa darasa la juu la madrasa yetu walilitungia jambo hilo ngonjera: kaka aliyehamia Dar es Salaam anataka shamba la marehemu baba liuzwe, na dada aliyebaki akililima anakataa. Rasimu ya kwanza ilikuwa kama tulivyozoea. Kaka alijigamba kuwa atanunua gari, akamtukana dada yake, na mwisho akalia. Ustadhi aliirudisha. Aliagiza kwamba wanaomchukia kaka ndio wamtungie beti zake, na wanaomwona dada mkaidi ndio wamtungie dada. Sharti lilikuwa moja: kaka wa kweli akiwa amekaa mkekani, aweze kusema, "Naam, hayo ndiyo niliyotaka kuyasema."

Walikaa nayo juma zima, na aliyerudi alikuwa kaka mwingine kabisa. Alisema kwamba deni la marehemu limelipwa na wasia umetekelezwa, kwa hiyo fungu lake si ihsani ya dada bali ni haki aliyogawiwa na Mola wake katika Surat An-Nisaa, na kumcheleweshea ni kumzuilia mali yake. Akasema ameishi chumba cha kupanga mpaka watoto wakawa wakubwa kuliko kitanda. Dada naye hakulialia. Alisema kwamba mizabibu ile ameipalilia yeye, ndiyo iliyomtibu mama yao, na kwamba akiridhia mauzo, fungu lake ambalo ni nusu ya lile la kaka halitamnunulia hata pembe moja ya ardhi aliyoitolea jasho. Na hukumu ya Allah haipingi, anauliza ataishije.

Hapo watunzi walikwama, na kukwama kwao ndiko kulikotufurahisha. Walikwenda kwa masheikh kuuliza, wakajifunza habari za shufaa: kwamba mshirika katika ardhi isiyogawanywa ana haki ya kulichukua fungu linalouzwa kwa bei ileile kabla ya mtu wa nje. Lakini dada hana fedha! Wakarudi tena kwenye karatasi. Ngonjera iliishia kwa kaka kukubali kulipwa kwa mivuno minne, na huku kwetu zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Vina viliwasumbua sana, na mizani za ubeti wa tisa hazijatimia mpaka leo. Hata hivyo, siku chache baada ya kughaniwa, ndugu wa familia mbili walifika ofisini kuuliza shufaa ni kitu gani.

Wapo wazazi waliotuuliza kama ni salama kumpa mtoto kazi ya kuitetea hoja ambayo tunaiona ni batili. Swali lina haki ya kuulizwa. Tunawakumbusha kwamba Qur'ani yenyewe inatunukulia maneno ya Iblis alipokataa kusujudu, maneno ya Firauni, na katika Surat Al-Baqara hoja ya wala riba kuwa biashara ni sawa na riba. Kisha jibu linafuata. Imamu Ghazali alipotaka kuwajibu wanafalsafa alianza kwa kuandika kitabu kizima, Maqasid al-Falasifa, kueleza madai yao, na aliyaeleza vizuri kiasi kwamba wasomaji wa Ulaya waliokipata kwa Kilatini walimdhania kuwa mmoja wao. Jibu lake, Tahafut al-Falasifa, lilikuja baadaye. Hata hivyo, Ghazali alikuwa Ghazali. Mtoto wa miaka tisa hatumpi utetezi wa riba, na hakuna ngonjera ya namna hii inayotungwa bila mtu mzima mwenye elimu kuwa karibu.

Nyumbani mambo ni mepesi zaidi. Baba na binti wanaovutana juu ya simu, wajaribu kuandikiana: baba aandike beti mbili kwa ulimi wa binti, na binti mbili kwa ulimi wa baba, kisha kila mmoja amsahihishe mwenzake. Vina visiwatishe. Aliyezoea nathari aandike barua.

Kwa Maulidi ya mwaka huu kamati imetoa mada ya mahari: baba anayetaja kiwango kikubwa, na kijana anayetaka kuoa hali mfuko wake ni mwepesi. Vikundi vimepiga kura. Wavulana wameangukiwa na beti za baba mkwe, na mpaka tunaandika safu hii wameomba waongezewe juma moja.