Kabla ya Kumtaja Mchawi



Mwenzetu mmoja tuliyefundisha naye kwa miaka mingi alilala salama, akaamka usiku wa manane akilalamikia kichwa, akaanguka, na kabla ya mapambazuko alikuwa amefariki. Hakuwa ametimiza miaka hamsini. Jua halijapanda, neno lilikuwa limekwisha kuzunguka matangani: karuho. Wengine wakasema sumu, wengine uchawi, na ilipofika jioni jina la mama mmoja mzee, mjane wa jirani, lilikuwa midomoni mwa vijana waliouzunguka moto wa kilio. Baadhi yao tuliwafundisha katekisimu sisi wenyewe. Mama yule alikimbia usiku huohuo, na alifanya vema kukimbia, kwa maana sote twajua yaliyowapata wengine huku Kivu.

Siku ya tatu, tukiisaidia familia kupanga vitu vya marehemu, tulikuta ndani ya daftari lake la matayarisho ya masomo karatasi ndogo ya kituo cha afya: 190 kwa 110. Ilikuwa imeandikwa miezi minane kabla. Nyuma yake kulikuwa na orodha ya dawa za mwezi mmoja. Alizinunua mara moja, akajiona mzima, akaacha.

Twaona kwamba karatasi ile ilipaswa kusomwa hadharani, palepale matangani. Sisi tuliirudisha ndani ya daftari, tukiogopa kuonekana tunamtetea mchawi. Basi tuifanye leo kazi tuliyoikwepa siku ile.

Moyo wa mtu ni msuli wenye ukubwa wa ngumi yake. Hupiga mara zipatazo 100,000 kwa siku, na mtu akiwa ametulia husukuma karibu lita 5 za damu kila dakika. Damu ikisukumwa hukandamiza kuta za mishipa, na hilo ndilo tunaloliita tansio. Namba ya kwanza hupimwa moyo unapojikaza, ya pili unapolegea. Zikifika 140 kwa 90 na kubaki hapo kila zipimwapo, huo ni ugonjwa.

Mishipa midogo ikijibana au ikikakamaa, moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Mmemwona kijana wa Goma anayepandisha chukudu yenye magunia ya makaa: mikono yake hunenepa kwa kazi. Moyo nao hunenepa. Lakini mkono ukinenepa ni faida, ilhali moyo ukinenepa, ukuta wake hukakamaa, nafasi ya kupokea damu hupungua, na mishipa inayoulisha haiutoshelezi tena. Baada ya miaka huchoka. Maji hujaa mapafuni, miguu huvimba, mgonjwa hawezi kulala bila kuinuliwa kwa mito. Hapo watu husema ametupiwa kitu.

Na wakati huo wote hakuna maumivu! Mwenzetu hakudanganya aliposema anajisikia mzima. Mshipa unaochakaa haulii. Siku moja mmojawapo hupasuka ndani ya ubongo, na mtu aliyekuwa mzima jioni hupooza upande mmoja, mdomo ukaenda kombo, au hufa usiku uleule. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wazima bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa na ugonjwa huu, na kwamba karibu 46 katika kila 100 hawakujua kuwa wanao. Shirika hilohilo linashauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo, kwa sababu chumvi huzuia maji mwilini na kuzidisha damu inayopaswa kusukumwa. Mama zetu wapikao makayabo wataona kwamba kijiko hicho huisha upesi.

Msiseme haya ni ya wazee. Kuna mtoto anayeumwa koo mara kwa mara bila kutibiwa. Kinga ya mwili wake, ikipigana na vijidudu vile, huweza kuzigeukia vali za moyo wake mwenyewe. Miaka hupita. Kisha msichana wa miaka ishirini, akiwa na mimba ya kwanza, anakosa pumzi akipanda kilima alichokipanda tangu utotoni. Penisilini iliyotolewa mapema ingaliweza kumwepusha na hayo.

Limebaki neno mshtuko, nalo latupotosha. Mtaani tunasema fulani amekufa kwa mshtuko kwa sababu alisikia habari mbaya. Daktari akisema mshtuko ana maana nyingine kabisa: damu haifiki tena katika viungo kwa kiasi kinachotosha. Huenda imemwagika kwa jeraha au kwa uzazi. Huenda moyo umeshindwa kuisukuma. Huenda maji ya mwili yamekwisha, kama ilivyokuwa Goma mwaka 1994, kipindupindu kilipowaua wakimbizi maelfu kwa maelfu. Mwili hujitetea kwanza: moyo hukimbia, mishipa ya ngozi hujifunga ili damu ibakie kwa ubongo na moyo. Ndiyo maana mikono huwa baridi yenye jasho. Mwili wa kijana hujitetea vizuri mno, hata tansio yake huonekana bado njema wakati amekwisha kupoteza damu nyingi, kisha huanguka ghafula. Anayesubiri mpaka aanguke amechelewa. Mlazeni, likandamizeni jeraha, mfunikeni, mkimbizeni hospitalini. Mwenye kuhara na aliye macho anyweshwe maji yenye sukari na chumvi kwa vipimo sahihi. Chumvi ileile tuliyoilaumu hapo juu, huku ndiyo mwokozi. Asiye na fahamu asinyweshwe maziwa wala mawese kwa kudhani ni sumu, kwani yataingia mapafuni.

Hatusemi kwamba hakuna mtu anayeweza kumwekea mwenzake sumu. Tunasema kwamba anayetaja jina la mjane penye moto wa kilio, bila kuuliza marehemu alipimwa lini na dawa aliziacha lini, ametoa ushahidi wa uongo, hata akiwa ameutoa kwa machozi. Twajua pia kwamba vidonge vya kila siku ni mzigo kwa mwalimu anayengoja mshahara. Hilo ni tatizo la kweli, nalo tungelijadili kama angalithubutu kulisema. Lakini hatukumwuliza, naye aliona haya.

Mama yule sasa anaishi kwa binti yake, mbali na mtaa wetu. Mabati ya nyumba yake yamekwisha kung'olewa. Mke wa marehemu ameturuhusu kuisoma ile karatasi mbele ya vijana Jumapili ijayo, baada ya mkutano. Muuguzi atakuja na kipimo chake. Waliokaa kwenye moto ule tumewaalika kwa majina, mmoja mmoja, na hadi leo wawili wamekubali kuja.