Elfu kumi ya gauni iko wapi?

Hivi ni nani aliyewaambia vijana wa mjini kwamba mauzo ndiyo faida? Kila wiki naonyeshwa simu ya mtu: meseji za hela kuingia zimefuatana kama mabehewa, na maelezo kwamba biashara ya mtandaoni inalipa. Nauliza, bidhaa ipi ndiyo inayolipa? Kimya.

Hebu tupige hesabu. Dada anauza magauni Instagram, duka lenyewe ni chumba chake Sinza. Gauni analinunua Kariakoo 15,000, anauza 25,000. Kichwani ameshaweka faida 10,000. Tuseme wiki hii ametuma magauni 10, na kwa kuwa jirani naye kaandika "tunakuletea bure", yeye kaandika hivyo hivyo. Bodaboda 4,000 kila safari, hiyo ni 40,000. Wateja wawili wamekataa, eti halikai kama kwenye picha (na kwa kweli halikai), bodaboda karudi nayo kwa 8,000 nyingine. Mifuko 5,000. Tangazo la kulipia 20,000. Magauni nane yaliyolipiwa yameingiza 200,000, na kuyanunua kulikula 120,000. Toa vyote hivyo, zinabaki 7,000.

Elfu saba, jamani! Na hapo sijagusa makato ya wakala, wala bando, wala usingizi wa mtu anayejibu "bei gani?" mpaka saa sita usiku wakati bei ameiandika pale pale. Yale mawili yaliyorudi yamelala kabatini na 30,000 ya mtaji.

Huyo huyo anauza hereni. Ananunua 2,000, anauza 6,000. Hereni hazina saizi ya kukataliwa, na mteja anajilipia bodaboda. Toa mfuko wa 500, jozi moja inamwachia 3,500. Jozi kumi ni 35,000, mara tano ya magauni. Lakini hereni anazibandika ukurasani mara moja kwa mwezi, kwa sababu magauni ndiyo "yanatembea"!

Magazeti yetu, ninaloandikia likiwemo, ndiyo yanayokuza upofu huu: fulani alianza na laki moja, sasa anauza mamilioni. Anauza, sawa, anabaki na nini? Hata wakubwa hilo limewaumiza. Jumia iliingia soko la hisa la New York Aprili 2019, ikaumaliza mwaka huo na hasara ya uendeshaji ya zaidi ya yuro milioni 200, na Novemba hiyo hiyo ikafunga shughuli zake Tanzania. Wateja walikuwepo.

Najua mtanijibu kwamba magauni ndiyo yanayovuta wanunuzi wa hereni. Inawezekana kabisa. Basi aandike kwenye daftari ni wangapi walichukua vyote viwili, na ile bodaboda aihesabu kama gharama ya tangazo. Au wiki ijayo apandishe gauni liwe 29,000, aone wangapi watabaki.