Mabosi wa Barabara Tuwapime kwa Mvua, Sio kwa Utepe
Wadau, tunawajua, majina kapuni. Kofia ngumu, mkasi, utepe, picha mtandaoni, laiki kibao! Haya, twendeni Usoke, Urambo. Lami ya Tabora–Urambo ipo, TANROADS hongereni. Sasa chepuka uingie njia za vumbi za vijijini, ambazo tangu 2017 ziko chini ya TARURA. Mvua ikikolea, vumbi lile ni tope.

Kila lita ya petroli, hata ya bodaboda, inakatwa tozo ya Mfuko wa Barabara. Kwa hiyo msituhesabie kilomita mlizozindua. Tuambieni ngapi zinapitika Februari. Mjamzito anafika hospitali? Tumbaku inafika sokoni? Kama hapana, bosi kafeli, cheo akiache. Au nasema uongo?