Njia ya Tope Ichorwe Kabla Halijatembea

Tarehe 7 Novemba, 2022 ukuta wa mashariki wa bwawa la majitope katika mgodi wa almasi wa Mwadui, jirani na mji mdogo wa Maganzo wilayani Kishapu, ulibomoka. Tope lililobaki baada ya mawe kusagwa na kuoshwa lilimwagika nje ya mipaka ya mgodi, likaingia katika kijiji cha Ng'wang'holo na kuharibu nyumba na mashamba ya wananchi. Kwa bahati njema hakuna aliyeripotiwa kupoteza maisha. Lakini taifa linalochimba madini kwa kiwango cha taifa hili haliwezi kuukabidhi usalama wa watu wake kwa bahati.

Jambo linalopaswa kuzungumzwa na watumishi wa umma na walimu ni hili: tope likivunja ukuta, litapita wapi, na litaufikia mlango wa kwanza baada ya dakika ngapi? Swali hilo linaweza kujibiwa, tena kabla ukuta haujapata ufa. Elimu ya kulijibu imo katika fani ya kuchora na kuigiza mwendo wa vitu kwa kompyuta, fani ambayo wengi bado wanaidhania kuwa ni ya watengenezaji wa filamu na michezo ya watoto.

Mchoro wa kawaida huonyesha kitu kilivyo kikiwa kimetulia. Mwaka 1963, katika chuo cha teknolojia cha Massachusetts, Marekani, Ivan Sutherland aliwasilisha programu yake iliyoitwa Sketchpad, iliyomwezesha mtu kuchora moja kwa moja juu ya kioo cha kompyuta na kuubadili mchoro apendavyo. Tangu hapo wahandisi wamepiga hatua kubwa: mchoro umepewa uwezo wa kutembea. Chukua mfano wa lori la mgodini linalopanda kutoka chini ya shimo. Mhandisi huchora lori, kisha huchora mstari wa barabara linayopita, ndiyo njia ya mwendo. Juu ya mstari huo huweka alama za wakati: sekunde ya kwanza lori liwe hapa, sekunde ya 10 liwe pale. Kompyuta hujaza nafasi zilizobaki katikati, hulizungusha lori kila penye kona, na hutoa onyo endapo lori lililojaa litagusana na lile linaloshuka tupu. Kosa hugunduliwa na kusahihishwa mezani, wala hakuna dereva aliyeumia.

Tope ni tofauti na lori, kwa kuwa halina dereva na hakuna awezaye kulichagulia njia. Hapo kompyuta hupewa kazi nyingine: kuitafuta njia yenyewe. Ardhi hugawanywa katika vipande vidogo, kila kipande na kimo chake. Kisha huingizwa ujazo wa tope, uzito na unato wake, na upana wa ufa unaodhaniwa. Programu hukokotoa, hatua moja ya wakati baada ya nyingine, ni kiasi gani kitatoka kipande hiki kwenda kile. Mwishoni hupatikana ramani yenye kuonyesha eneo litakalofunikwa, kina cha tope, na muda wa kufika kila mahali. Thamani ya muda huo yaonekana kwa hesabu ndogo tu. Tope linalokwenda mita 3 kwa sekunde litakuwa limefika mita 1,800 katika dakika 10. Mama mwenye mtoto mgongoni na mzee mwenye mkongojo hawawezi kuanza kuulizana waelekee upande gani wakati dakika hizo zimekwisha kuanza kuhesabika.

Hata hivyo, ni kosa kubwa kudhani kwamba kuwa na ramani hiyo kunatosha. Tarehe 25 Januari, 2019 bwawa la mabaki ya chuma lilibomoka huko Brumadinho, nchini Brazil, na kuua watu 270. Kabla ya hapo mwigo wa kompyuta ulikwisha kufanywa kwa ajili ya mpango wa dharura wa mgodi huo, nao ulionyesha kwamba ofisi na bwalo la chakula la wafanyakazi vilikuwa katika njia ya tope. Pamoja na hayo, ofisi na bwalo viliachwa palepale, na wafanyakazi waliendelea kula chakula chao mahali ambapo mchoro ulikwisha kusema kuwa patafunikwa. Kompyuta ilitimiza kazi yake. Walioshindwa ni wanadamu waliokuwa na mchoro mkononi.

Maafa hayo ndiyo yaliyosababisha kutolewa, Agosti 2020, kwa kanuni za kimataifa za usimamizi wa mabwawa ya majitope, zinazotaka athari za kubomoka kwa bwawa zichunguzwe mapema na wananchi walio hatarini washirikishwe katika maandalizi ya dharura. Kwa watumishi wa umma tafsiri ya agizo hilo ni nyepesi. Ramani ya njia ya tope isikae katika kabati la ofisi ikiwa imeandikwa Kiingereza. Ibandikwe katika ofisi ya kijiji na katika ukuta wa shule, kwa Kiswahili fasaha, ikionyesha mwinuko wa kukimbilia na dakika zilizopo. Mkutano wa kijiji uisome na kuihoji.

Kuihoji huko kuna faida hata kwa wataalamu. Takwimu za vimo vya ardhi zinazotumiwa sana duniani zilikusanywa kutoka angani Februari 2000, na kipande kimoja cha ramani yake kina upana wa mita 30 hivi. Katika nchi ya mbuga kama ya Usukuma, ambako ardhi ni tambarare, tuta la barabara, korongo jembamba au lambo lililochimbwa na wanakijiji kwa ajili ya ng'ombe laweza kuyageuza majitope yaende kusikotazamiwa. Na vitu hivyo huweza kupotea kabisa ndani ya kipande cha mita 30. Mchungaji aliyevuka mbuga hiyo masika 20 anajua maji hushika njia ipi. Maarifa yake ni takwimu halali, na mhandisi anayeyapuuza anaupunguzia ukweli mchoro wake mwenyewe.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri. Hoja hiyo haina uzito. Kuanzia mwaka 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi, wakishirikiana na wakazi wa kata zinazofurika jijini, walichora mitaro, vichochoro na nyumba ambazo hazikuwa katika ramani yoyote, na kazi yao ikatumika kupanga namna ya kukabiliana na mafuriko. Zana nazo zipo bila malipo: FreeCAD na Blender kwa kuchora na kutembeza vitu, QGIS kwa ramani, na HEC-RAS, iliyotengenezwa na wahandisi wa jeshi la Marekani, kwa kukokotoa mwendo wa maji na tope. Kinachohitajika ni umeme, kompyuta chache, na mwalimu aliyeandaliwa.

Mitaala iliyoanza kutumika mwaka 2024 imefungua mkondo wa amali katika shule za sekondari. Nafasi hiyo isipotee. Hata shule isiyo na kompyuta inaweza kuanza kwa karatasi ya miraba: mwanafunzi aweke alama ya mahali baiskeli ilipo kila sekunde 5, aziunganishe, kisha atabiri itakapokuwa baada ya dakika moja. Huo ndio mzizi wa fani yote. Kijana wa Maganzo akishaushika mzizi huo, hatakuwa mtazamaji tu wa michoro iletwayo kutoka ng'ambo kuhusu ardhi aliyozaliwa.

Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940 na John Williamson, raia wa Kanada. Leo Serikali ni mbia katika mgodi huo, na kwa hiyo wananchi wana haki ya kujua kila kinachohifadhiwa nyuma ya kuta zake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Halmashauri zenye migodi, kuanzia Kishapu hadi Kahama na Geita, hazina budi kudai ramani hizi, kuzisambaza vijijini na kuzifanyia mazoezi kila mwaka kabla ya masika. Afisa atakayeipokea ramani na kuifungia katika jalada ajue kwamba upo mlango fulani katika ramani hiyo wenye dakika zake, na nyuma ya mlango huo wamelala watu.