Sigara ya Mkiwa: Funzo kwa Wahakiki wa Lugha ya Matangazo

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii hutajwa aghalabu tunapojadili lugha ya matangazo ya biashara, mada ambayo imewavutia wanafunzi wengi wa Kiswahili. Hata hivyo, nyingi ya kazi zetu hukomea njiani. Mtafiti hukusanya kaulimbiu, akabainisha takriri, sitiari na chuku, kisha akahitimisha kwamba tangazo limefaulu kuishawishi hadhira. Hadhira yenyewe haikuulizwa neno. Makala haya yanapinga desturi hiyo, na shahidi wangu ni sigara ya Uingereza ambayo haiuzwi tena.

Sigara hiyo iliitwa Strand. Kampuni ya W.D. & H.O. Wills iliizindua mwaka wa 1959, wakati runinga ya kibiashara ingali changa nchini humo. Katika tangazo lake, mwanamume aliyevaa koti refu na kofia anatembea peke yake usiku katika barabara tupu za London. Anasimama, anawasha sigara, na muziki wa huzuni unasikika. Kisha inatamkwa kaulimbiu ambayo kwa Kiswahili ingekuwa: Huwi peke yako kamwe ukiwa na Strand.

Kwa vipimo vyetu vya darasani, tangazo hilo halikuwa na kasoro: kauli fupi, taswira ya kukumbukwa, maneno na picha vikishikana. Watu walilipenda pia. Muziki wake, uliotungwa na Cliff Adams, uliingia katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana Uingereza mwaka wa 1960, naye mwigizaji Terence Brooks akapata umaarufu. Kilichokosa wanunuzi ni sigara yenyewe. Watazamaji walihitimisha kwamba anayevuta Strand ni mkiwa asiye na rafiki. Nani basi angetaka kuitoa pakiti hiyo mfukoni mbele ya wenzake? Haukupita muda mrefu, Strand ikaondolewa sokoni.

Hans Robert Jauss na Wolfgang Iser, waasisi wa nadharia ya upokezi, wametufunza kwamba maana ya matini hukamilishwa na msomaji. Mtunzi wa tangazo alikusudia kitulizo, mtazamaji akapokea upweke. Ukanushi ulifanya kazi yake katika sentensi, lakini picha ya mtu aliye peke yake haikukanushika.

Huenda msomaji akadai kwamba Strand ilikataliwa kwa kuwa sigara ni hatari. La hasha. Tangazo lilitoka kabla ya ripoti mashuhuri ya madaktari wa Uingereza kuhusu uvutaji wa sigara, iliyotolewa mwaka wa 1962, na kabla ya matangazo ya sigara kupigwa marufuku katika runinga za huko mwaka wa 1965. Sigara nyingine ziliendelea kununuliwa kwa wingi. Watu waliikataa maana, wala hawakuukataa moshi.

Hapo ndipo jambo hili linapotugusa sisi. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka wa 2007 ilipiga marufuku matangazo ya sigara nchini Kenya, ikataka pia pakiti ziwe na maonyo kwa Kiingereza na Kiswahili. Onyo nalo ni matini. Tunaweza kulisifu kwa usanifu wake, ilhali kijana anayenunua sigara moja moja kibandani haioni hata pakiti yenyewe. Anayeiona, je, anasoma hatari au anasoma ujasiri wa kiume? Jibu halimo katika kamusi wala katika orodha ya tamathali za usemi. Limo kibandani.

Kwa hivyo, wanafunzi wenzangu, na walimu wetu mnaotusimamia, tusikubali tena utafiti wa matangazo usio na sauti ya hadhira. Tukiendelea kuhesabu takriri tu, tutaisifu Strand iliyomshinda mwenyewe kuiuza, na tutaliidhinisha onyo ambalo halijamwokoa mtu.