Sayansi Haikuzaliwa Maabarani

Kuna maneno yanayovuma sana hapa shuleni: eti sayansi ni ile ya maabarani tu, hayo mengine yote ni ushamba. Mimi nami nilikuwa miongoni mwa wasemao hivyo. Leo naungama mbele yenu kwamba nilikosea.

Likizo moja nyanya alinituma nimletee gome la mwarubaini. "Uchune upande mmoja tu, mjukuu wangu," akaniusia. Nikacheka moyoni. Nikabandua gome kuzunguka shina lote ili kazi iishe haraka. Baada ya miezi kadhaa mti ukakauka. Nyanya hakunigombeza. Alininyamazia tu, na kimya chake kiliniuma kuliko kiboko.

Kwa nini nawasimulia haya? Kwa sababu nimesoma habari za Waute, wenyeji wa asili wa Milima ya Rocky huko Marekani. Hata jina la jimbo la Utah latokana nao. Waute waliishi karne nyingi katika milima yenye vilele vya zaidi ya mita 4,000. Wakati wa joto walipanda juu kuwinda na kuchimba mizizi ya chakula. Baridi ilipokaribia waliteremka mabondeni. Majira ya kuchipua, utomvu ulipopanda, walibandua gome la misonobari wapate utando wa ndani, uliokuwa chakula na dawa. Lakini hawakuuzunguka mti! Baadhi ya misonobari hiyo ingali hai hadi leo, ina makovu tu.

Sasa nawauliza, Bayolojia inatufundisha nini? Kwamba floemu, iliyo ndani ya gome, ndiyo njia ya chakula kutoka majanini hadi mizizini. Ukiikata kuzunguka shina, mizizi hufa njaa. Waute hawakuwa na neno floemu, lakini walichunguza, wakajaribu, wakakumbuka, wakawafundisha watoto wao. Kama hiyo si sayansi, ni nini basi, jamani?

Tena walitengeneza manyanga ya ngozi, wakatia ndani vipande vya mawe ya kwatsi. Yakitikiswa gizani, mawe husuguana na kutoa mwanga. Hiyo ni Fizikia, si uchawi!

Mwaka 1881 serikali iliwahamisha wengi wao kwa nguvu kutoka Colorado hadi Utah. Ukimfukuza mtu mlimani kwake, umemfungia darasa na kumchomea vitabu. Hao walinyang'anywa. Sisi je? Hakuna aliyetufukuza kwa nyanya zetu. Tunajifukuza wenyewe kwa kucheka.

Sisemi kila la kale ni kweli. La hasha! Lakini jambo hupimwa, halichekwi. Ndiyo maana naiomba Chama chetu cha Kiswahili kishirikiane na wenzetu wa Chama cha Sayansi. Kila mwanafunzi amwulize mzee mmoja jambo moja likizoni, aliandike, kisha walimu watusaidie kulipima.

Wahenga walinena, mwacha asili ni mtumwa. Nyanya yangu yu hai bado. Likizo hii nitampelekea mche wa mwarubaini, nimwombe radhi, halafu nikae chini nimsikilize. Wewe je, utamsikiliza nani?