Hasama Yetu na Vijidudu

Mtoto wetu anapofundishwa skuli habari za vijidudu, jambo la kwanza analoambiwa ni kuwa hao ni maadui, ndio waletao kipindupindu, ndio waletao kifua kikuu, na mikono hunawiwa kwa sabuni ili wafe. Naye hukua na itikadi hiyo mpaka akaota mvi, asitokee mtu wa kumwarifu kwamba katika umma huo mkubwa wa viumbe wasioonekana kwa jicho, waletao maradhi ni kundi dogo mno, na waliosalia ama hawana haja na sisi, ama ndio ambao lau si wao tusingepata hata pumzi ya kuvuta. Simkatazi mtoto kunawa mikono, wala mwalimu kumhimiza. Ninalolalamikia ni kuwa somo hukomea hapo, na ujinga unaobaki baada ya somo hilo unatugharimu roho za watu.

Mtu wa kwanza kuwaona bakteria hakuwa tabibu wala mwanachuoni. Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa katika mji wa Delft, Uholanzi, jina lake Antonie van Leeuwenhoek, aliyesugua kwa mikono yake mwenyewe vigae vidogo vya kioo vya kukuzia, na katika miaka ya 1670 akayatazama maji kwa kioo hicho akaona humo viumbe wakiogelea; kisha mwaka 1683 akaandika habari za wale aliowakuta katika utando wa meno. Hakuwatuhumu kwa lolote, aliwastaajabia tu. Tuhuma zilikuja katika karne ya 19, hasa pale Robert Koch alipotangaza mjini Berlin mwaka 1882 kwamba amekipata kijidudu cha kifua kikuu. Nazo zilikuwa tuhuma za haki, zenye ushahidi, ila zilivuma kwa kishindo hata zikawakumba na wasiokuwamo. Watu wakasahau kuwa Louis Pasteur, ambaye jina lake hutajwa sambamba na la Koch, aliwaingia viumbe hawa kwa mlango mwingine kabisa, mwaka 1857, alipokuwa akichunguza kwa nini maziwa huchacha.

Wema wao hauhitaji safari ndefu kuushuhudia. Ng'oa mkunde shambani kwa taratibu, utaona mizizini vinundu vidogo vilivyojaa bakteria, na kazi yao ni kuishika naitrojeni ya hewani, ambayo ni takriban asilimia 78 ya hewa yote lakini hakuna mmea uwezao kuitumia kama ilivyo, wakaigeuza iwe chakula cha mkunde na, mabaki yake yakiozea ardhini, cha mhindi utakaopandwa baadaye. Oksijeni ilianza kuijaza anga hii zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita kwa kazi ya bakteria wa maji wenye rangi ya kijani na buluu. Na jamaa zao wa leo, wastawio katika maji makali ya magadi ya maziwa ya Bonde la Ufa, ndio chakula cha heroe wadogo, na ndio wanaowapa ile rangi ya waridi ambayo wageni huja kutoka mbali kuipiga picha. Sitaji maziwa ya mgando, wala siki iliyotokana na tembo la mnazi, wala hamira iumuayo maandazi ya asubuhi, kwani mwenye jiko anayajua hayo kunishinda.

Lakini fadhila iliyo kubwa kuliko zote, na ambayo tunaikufuru kuliko zote, ni ya dawa. Mwaka 1943, katika maabara ya Selman Waksman kwenye Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, mwanafunzi wake Albert Schatz alipata kutoka kwa bakteria wa udongoni dawa ya streptomisini, iliyokuwa antibiotiki ya kwanza kukiweza kifua kikuu. Na mwaka 1957 wataalamu wa Milan, Italia, wakachota udongo uliotoka pwani ya kusini ya Ufaransa, wakapata humo bakteria mwingine ambaye kutokana naye ikatengenezwa rifampisini. Katika mikasa hiyo Afrika ya Mashariki ina fungu lake, ingawa sijui ni skuli gani inayolisimulia. Zama zile mgonjwa wa kifua kikuu alitibiwa kwa miezi 18, na wengi, kwa sababu zisizohitaji kuelezwa, waliikatiza dawa njiani. Hata ulipofanywa huku kwetu, kwa shirika la madaktari wa Afrika ya Mashariki na wa Uingereza, utafiti uliotangazwa mwaka 1972, ikadhihirika kwamba dawa zikichanganywa pamoja na rifampisini miezi 6 yatosha. Tiba inayotolewa leo ulimwenguni imejengwa juu ya msingi huo. Kwa hiyo kijidudu kilichowaua babu zetu kilikuja kushindwa kwa silaha za vijidudu wenziwe.

Na silaha hizo sasa tunazitumiaje? Mtu akishikwa na mafua, maradhi ya virusi ambayo antibiotiki haina hata chembe ya uwezo juu yake, huingia duka la dawa la mtaani, asiulizwe cheti cha daktari, akauziwa vidonge vinne au vitano kwa kadiri ya fedha zilizomo mfukoni, akavimeza siku mbili na kuviacha. Mafua yakapoa, kama ambavyo yangepoa hata kwa uji wa tangawizi, naye akaisifu dawa. Fauka ya hayo wako wafugaji wanaowatilia kuku dawa hizohizo katika maji ya kunywa, kuku wazima wasio na maradhi, ati kwa tahadhari. Kila mara hiyo, bakteria wanyonge hufa, pamoja na wale wa tumboni watusaidiao kumeng'enya chakula, na wenye usugu hubaki peke yao wakazaana bila mshindani, na hata kupokezana usugu huo wao kwa wao. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mjini London mwaka 1928, alilitolea hadhari jambo hili katika hotuba yake ya Nobel mwaka 1945. Hakusikilizwa: kwa hesabu ya wataalamu iliyochapishwa mwaka 2022, watu milioni 1.27 ulimwenguni walifariki katika mwaka 2019 kwa sababu ya maradhi ya bakteria yaliyoshindikana kwa dawa.

Wako watakaosema kuwa lawama hizi ni za mtu asiyejua foleni ya zahanati, na kuwa maskini hununua vidonge vinne kwa kuwa hana fedha za kumwona daktari. Ni kweli, na kwa sababu hiyo mnunuzi simweki mbele katika hukumu yangu. Mbele namweka muuzaji, ambaye kanuni inamtaka aulize cheti naye haulizi, na pamoja naye wakaguzi ambao hupita mtaani wakakagua leseni ukutani wasitupie jicho kinachotoka dirishani. Kisha nawaweka watungaji wa mitaala, ambao wamewatia watoto wetu hofu ya vijidudu bila ya maarifa yake, na mwenye hofu bila ya maarifa atanunua chochote aambiwacho kuwa kinaua.

Nawe msomaji, ukiandikiwa antibiotiki na daktari, imeze kama alivyokuagiza, wala usimgawie jirani. Na wiki hii ukipatwa na mafua, mwombe muuza dawa kitu cha kutuliza homa, umwachie antibiotiki zake kabatini.